Mkanyagano wa Mnadani

Siku za mnada Rhobi alikanda unga wa maandazi kabla jua halijachomoza, na ng'ombe wa kwanza walipoanza kuteremshwa uwanjani, chai yake ilikuwa imekwisha kuchemka. Kibanda chake kilikuwa turubai juu ya miti minne, karibu kabisa na geti. Waliliita geti kwa mazoea tu. Ukweli ni kwamba ulikuwa upenyo kwenye uzio wa seng'enge, ubavuni mwa ngazi ya saruji wanayopakilia ng'ombe kwenye malori. Wawili wakikutana hapo, mmoja ilimbidi ajibane mwenzake apite. Watu wote waliingilia hapo na kutokea hapo. Ng'ombe waliletwa kwa upande wa chini, ambako hakukuwa na uzio, ni kijito na majani marefu basi.

Mnada wenyewe uko mbele kidogo ya Nyambureti, na wanunuzi hufika hadi kutoka upande wa pili wa Sirari, wakiwa na Kiswahili chao cha ng'ambo ya mpaka.

"Mathe, hiyo chai ni ya leo ama ni ya jana?" walizoea kumtania.

"Ya jana nimewauzia wenzenu," Rhobi aliwajibu, nao wakacheka wakivuta benchi.

Alikuwa mjane wa makamo. Watoto wake walikuwa Mwanza, wakihangaika na maisha yao, na mtu wake wa karibu alikuwa Tabitha, jirani aliyeolewa kijijini hapo msimu mmoja na yeye. Mashamba yao yalipakana. Kanisani waliimba sauti moja, wakisimama bega kwa bega. Mnadani Tabitha aliuza viazi vya kuchemsha kwenye ndoo, hatua chache kutoka kwa Rhobi, na mmoja akienda haja mwenzake aliuza vya wote.

Siku hiyo upepo ulivuma tangu asubuhi. Kulikuwa na ng'ombe wengi kuliko kawaida, kwa kuwa shule zilikuwa karibu kufunguliwa na kila mzazi alikuwa na mnyama wa kuuza. Heche, kijana wa kijiji cha jirani ambaye ndiyo kwanza aoe, alikuwa ameleta dume jekundu lenye nundu kubwa, na watu walilizunguka wakilisifu. Ndipo upepo ukang'oa bati la kibanda cha mchoma nyama. Bati likaruka, likaanguka kwa kishindo nyuma ya dume lile.

Dume likashtuka, likakata kamba. La pili likafuata, na kufumba na kufumbua kundi zima lilikuwa limekurupuka, mikia juu, vumbi likapanda hadi usione mkono wako. Mtu alipiga kelele kwamba ng'ombe wanakuja. Nani alipiga, hakuna aliyejua baadaye. Watu wakatimua mbio kuelekea geti, kwa sababu geti ndiyo njia waliyoizoea.

Rhobi naye alikimbia. Alishika chupa ya chai mkononi, sijui ataipeleka wapi. Alifika kwenye upenyo, akasukumwa mgongoni, akaanguka kifudifudi, na mara miguu ikaanza kupita juu yake. Alijitahidi kugeuka. Alipogeuza shingo aliona kandambili ya kijani, ukanda wake umefungwa kwa waya, na juu yake kifundo cha mguu chenye kovu la kuungua. Kandambili ile ilisimama kidogo hewani. Kisha ikatua juu ya muundi wake, ikajisukuma, ikapita. Alisikia mfupa ukilia. Viatu vingine vikafuata, buti, raba, makobazi, hata akaacha kuvitazama.

Baadaye pakawa kimya. Mikono miwili ilimpitia kwapani ikamkalisha, na kichwa chake kikaegemezwa kifuani mwa mtu aliyekuwa akihema kwa nguvu. Ng'ombe walikutwa ng'ambo ya kijito. Walikuwa wanakula majani.

Zahanati ilikuwa karibu, na muuguzi wake aliitwa Bupe, binti wa Tukuyu aliyehamishiwa huku mwaka uliopita. Alimsafisha Rhobi taratibu, akaufunga mguu kwenye vipande vya mbao wakati wakisubiri gari la kumpeleka hospitali Mugumu.

"Wamesema umekanyagwa na ng'ombe, mama," alisema Bupe.

"Ndivyo wanavyosema."

Bupe aliutazama mgongo wake kwa muda. "Kwato haziachi alama ya namna hii. Hii ni soli."

Rhobi alivuta shuka akajifunika.

Hospitali walimfunga hogo la plasta kutoka vidoleni hadi juu ya goti, wakamwambia mbavu zitapona zenyewe mradi asicheke sana. Alikaa huko siku chache, kisha akarudishwa nyumbani kwa gari la kuazima, na aliyempokea mlangoni alikuwa Tabitha. Alikuwa ameshafagia nyumba, ameteka maji, amefunga mbuzi, amepika uji wa ulezi. Tangu siku hiyo alikuja kila asubuhi na kila jioni. Alimwogesha, akamsuka nywele, akampalilia shamba la mihogo kabla ya kupalilia lake. Alizungumza bila kupumzika. Alisema habari za kwaya, habari za tembo waliokula mahindi ya watu kule mpakani mwa hifadhi, habari za mchungaji mpya na gitaa lake. Jambo moja tu hakuligusa. Na miguuni alivaa viatu vyeusi vya mpira, vile vya kwendea kanisani.

Rhobi alipokea uji, akanywa, akasema asante. Usiku maumivu yakimzuia kulala alijiambia kwamba vumbi lilikuwa jingi na kandambili za kijani zinauzwa kila duka. Lakini lile kovu alikuwepo lilipopatikana. Sufuria ya maharage ndiyo iliyommwagikia Tabitha, kwenye harusi ya shemeji yake, na Rhobi ndiye aliyemmwagia maji ya baridi.

Huku nje tukio lilikuwa limepata jina. Redio ilitangaza kwamba mkanyagano wa ng'ombe umemjeruhi mama mmoja mnadani, na neno hilo likapendwa. Watu wakaanza kuhesabu mambo kwalo: ndoa ile ilifungwa kabla ya mkanyagano, mvua ile ilinyesha baada ya mkanyagano. Kisimani wanawake waliwakemea watoto waliosukumana na ndoo, "Msituletee mkanyagano hapa!" Projestus, mtendaji wa kata, Mhaya mmoja mpole mwenye sauti nene, alisimamia ugawaji wa mbolea akirudia, "Pangeni mstari, ndugu zangu, hatutaki mkanyagano." Tabitha alimletea Rhobi habari hizo akidhani zitamchekesha.

"Mkanyagano wa nani na nani?" Rhobi aliuliza.

"Wa ng'ombe, dada. Si ndivyo walivyosema redioni?"

"Ng'ombe walimkanyaga nani?"

Tabitha aliinuka akaenda kuangalia moto, ingawa moto ulikuwa unawaka vizuri.

Jumapili moja mchana, watu wakiwa kanisani, Heche alikuja. Alisimama uani na kibuyu cha maziwa ya mgando, akipiga hodi kwa sauti ndogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pita ndani, mura. Keti."

Hakuketi. Alikuwa amekonda. Alieleza kwamba mkutano wa kijiji umeitishwa, na wazee wanataka atoe ng'ombe wa fidia, asilete tena mifugo yake kwenye mnada ule. Watoto wa huku walikuwa wakimwona tu wanakimbia, wakijifanya wanakimbizwa na dume. Mkewe hakuipenda tena njia ya kisimani, kwa kuzomewa.

"Sikuja kukuomba unitetee, mama," alisema. "Kama ni dume langu lililokuumiza, nitabeba. Ni mali yangu na kamba ilikuwa yangu. Ila naomba uniambie mwenyewe, maana mimi nililikimbilia. Nilikuwa nyuma yake njia nzima hadi kijitoni, na sikukuona."

Rhobi alimtazama. Ilikuwa rahisi kusema. Neno moja tu. Lakini neno hilo likitoka lingefuatwa na swali, na swali lingekuwa na jina la mtu aliyekuwa anampikia.

"Nitakuja mkutanoni," alisema mwishowe.

Heche aliweka kibuyu mezani, akaaga. Rhobi alimsikia akipita kwenye uwanja wake taratibu kama mtu mzee, na akaona aibu. Yeye alikuwa amelala hapa akihudumiwa, na kijana wa watu alikuwa anatembea na mzigo usio wake.

Tabitha aliporudi kutoka kanisani alikuta kibuyu. "Heche alikuja? Huyo hana haya. Baada ya ng'ombe wake kukuvunja mguu!"

"Kaa chini, Tabitha."

"Ngoja kwanza nibandike—"

"Kaa."

Tabitha aliketi kwenye kigoda. Kuku aliingia, akatazama huku na huku, akatoka.

"Kandambili zako za kijani ziko wapi?" Rhobi aliuliza.

Uso wa Tabitha haukubadilika, lakini mikono yake iliikamata kanga mapajani, ikaikunja, ikaikunjua. "Nilizichoma," alisema.

"Kwa nini?"

"Wewe unajua kwa nini. Umejua siku zote hizi. Kila ukisema asante nasikia kwamba unajua." Aliiachia kanga. "Nilikuona, dada. Ningekuwa sikukuona ingekuwa nafuu. Niliona kitambaa chako, nikajua ni wewe, nikasimama. Nikasema nimwinue. Lakini nyuma wananisukuma, na kichwani nasikia ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe. Mguu ukashuka. Nilijua ninakanyaga nini."

Rhobi alikuwa amejiandaa kwa uongo. Alikuwa hata amepanga maneno ya kuujibu. Hasira aliyoilea kwa majuma ilikuja yote kwa pamoja, ikamjaa hadi masikioni, akatamani kumfukuza, akatamani kuupiga ukuta kwa mkongojo. Hakufanya lolote kati ya hayo. Mbavu zake zilimuuma kwa kuhema tu.

"Nani aliniinua?" aliuliza.

"Ah, dada, hilo—"

"Nani?"

"Mimi. Nilitoka, nikavuta pumzi mara moja, nikarudi. Wengine walikuwa bado wanatoka. Mtu alinitukana kwa kuwazibia njia." Alifuta uso kwa kanga. "Lakini hilo haliondoi lile."

"Haliondoi," Rhobi alikubali.

Walikaa. Uji wa mchana haukupikwa. Tabitha aliondoka bila kuaga, na Rhobi alidhani labda ndiyo mwisho. Jioni alikuja kama kawaida, akawasha moto, akamsaidia kunawa. Hakuzungumza habari za tembo wala za mchungaji. Ukimya ule ulikuwa mgumu, lakini Rhobi aligundua kwamba anaweza kula ndani yake.

Mkutano ulifanyika uwanja wa ofisi ya kijiji. Watu walijaa, kila mmoja na kiti chake au kipande cha kanga. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Werema, aliketi mezani na Projestus. Heche alikuwa peke yake upande mmoja, ameinamisha kichwa, na watu waliacha nafasi kumzunguka. Rhobi alifika na mikongojo, akatolewa kiti cha mbele. Tabitha alikaa chini nyuma yake.

Werema aliongea kwanza, akaeleza kwamba jambo lenyewe liko wazi: mkanyagano umetokea, mama wa watu ameumia, mwenye ng'ombe anajulikana. Kilichobaki ni fidia. Wengi walitikisa vichwa kukubali.

"Tumsikie na mama mwenyewe," alisema Projestus. "Mama, ukiweza, sema ukiwa umeketi."

Rhobi alisimama hata hivyo. Hakuwa amezoea kuhutubia, na sauti yake ilianza chini hadi waliokuwa nyuma wakadai hawamsikii.

"Nasema hivi," alirudia. "Ng'ombe walishuka kijitoni. Mimi nilikuwa getini, huku juu. Hakuna ng'ombe aliyenigusa, wa Heche wala wa mwingine."

Minong'ono ikaanza. Werema akagonga meza. "Sasa mama, mguu umevunjwa na nini?"

"Na watu."

"Watu gani?"

"Mzee, neno mnalolisema ni mkanyagano. Mimi nimelala na neno hilo tangu wakati ule, na nimeliwaza sana. Ng'ombe walikurupuka, hilo ni kweli, bati lingemshtua hata simba. Walikurupuka wakaenda zao. Kukanyagana ni sisi. Tulikuwa na uwanja mzima, tukaenda wote kupenya mahali anapopita mtu mmoja. Heche hakuwepo hapo. Alikuwa anawafuata ng'ombe wake."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akaona yuko peke yake.

"Hukumtambua hata mmoja?" Werema aliuliza.

"Niliwatambua," Rhobi alisema. "Viatu mtu anavitambua akiwa chini."

Watu hawakumtazama Rhobi wala hawakutazamana. Kina mama waliojinyoosha wakaivuta miguu yao ndani ya kanga.

"Sitawataja," aliendelea. "Sikuja kwa ajili hiyo. Nimekuja kusema msimtoze kijana huyu. Na lile geti mlipanue."

Alitaka kuketi, lakini nyuma yake alisikia mtu anasimama. Alijua bila kugeuka. Alinyoosha mkono nyuma amshike kanga amrudishe chini, akakosa.

"Mmoja ni mimi," alisema Tabitha. "Nilimkanyaga mwenzangu. Mguu huo niliuvunja mimi."

Kama angelia, pengine watu wangejua la kufanya. Hakulia. Alisimama mikono ikining'inia, akasubiri. Mwanamke mmoja wa kwaya alisema kwa sauti, "Mungu wangu, Tabitha!" na mwingine akamnyamazisha.

Mzee Werema alivua kofia yake, akaiweka mezani, akaitazama. Projestus alidhani ameugua, akamgusa bega.

"Mimi nami nilipita pale," mzee alisema, si kwa sauti ya mkutano. "Kuna kitu laini nilikikanyaga. Nilisema ni mzigo wa mtu. Sikutazama chini."

Baada ya hapo hapakuwa na mkutano tena wa namna ile waliyoijia. Wengine walisema pale pale kwamba huenda ni wao. Wengine waliapa kwamba walitokea juu ya ngazi ya saruji. Mmoja alikasirika kabisa, akasema hakuja kusingiziwa, akabeba kiti chake akaondoka. Projestus aliwatuliza, na kabla ya jua kuelemea magharibi walikuwa wamekubaliana kuufungua uzio sehemu mbili zaidi, kwa nguvu zao wenyewe, kabla ya mnada unaofuata. Suala la fidia halikutajwa tena.

Heche alisimama mwishoni. Watu walidhani atashukuru.

"Mmeniita mhalifu majuma yote haya," alisema. "Mmewaacha watoto wenu wamzomee mke wangu. Leo mnazungumza habari za uzio." Alimgeukia Rhobi, akainamisha kichwa. "Wewe mama, asante." Kisha akaondoka, hakumpa mkono mtu yeyote, hata mzee Werema aliyenyoosha wake ukabaki hewani. Hakuna aliyemlaumu.

Wingu lilikuwa limekusanyika upande wa hifadhi, jeusi, na harufu ya mvua ikaja na upepo. Watu wakaanza kutawanyika haraka, kanga vichwani, viti mabegani. Walipomfikia Rhobi njiani walipunguza mwendo, wakatoka kwenye njia wakapita majanini, mbali naye, wakisema pole mama, pole. Alichoka kuwaitikia.

Tabitha alitembea kando yake. Mikongojo ilizama kwenye mchanga, na kila hatua kadhaa Rhobi alilazimika kusimama apumzishe mbavu.

"Hukutakiwa kusimama," Rhobi alisema katika moja ya vituo hivyo. "Nilikuwa nimeshamaliza. Sasa watakusema hadi kaburini."

"Wacha waseme."

"Na mimi sijasema kwamba imekwisha. Asubuhi nyingine nikiamka, mguu ukiniuma, nakuchukia."

"Najua."

"Nakwambia ili ujue."

"Nimesikia, dada."

Matone ya kwanza yakaanguka, makubwa, yakitoboa vumbi la njia. Mbele yao watu wa mwisho walikuwa wakikimbilia kona, wakicheka na kuitana. Nyumba ya Rhobi ilikuwa bado mbali.

"Tangulia," Rhobi alisema. "Utalowa."

Tabitha alivua kanga yake ya juu, akaizungushia hogo lisiingie maji, akaifunga vizuri mafundo mawili. Kisha akasimama akamsubiri aweke mikongojo sawa.